Zamu ya Usiku, Szeged

Saa nane na robo usiku, kengele ya dirishani.
Bwana Zsombor, theluji kwenye masharubu,
kiganja juu ya chembe cha moyo
kama mtu anayeapa.
"Inawaka," asema. "Mpaka kooni."

Namuuliza kwanza yale ya lazima:
bega la kushoto? Taya? Jasho la baridi?
Hapana, hapana, hapana. Acheua, aomba radhi.
Basi ni kiungulia.

Nampangia dawa kaunta.
Hivi vyeupe vya kutafuna, ladha ya mnanaa uliochoka,
ni chokaa tu, bwana: hufika mbio, huzima,
huondoka mbio,
na moto haujasahau njia.
Hii ya maji, nzito, ya waridi,
huelea juu ya chakula kama kifuniko cha sufuria.
Ukilala chali, kifuniko huteleza.
Hiki kidogo ni cha jioni, hukufikisha alfajiri,
ila tumbo likishakizoea hukipuuza.
Na kapsuli hii haizimi kitu usiku wa leo.
Yamezwa asubuhi, kabla ya kula,
ikafunge mabomba yenyewe, moja moja;
siku ya tatu ndipo utaniambia ahsante.
Wiki mbili. Zikizidi, kwa daktari.

"Ipi bora?"
"Umekula nini?"

Atazama viatu.
Pilipili za siki, zilizojazwa kabichi.
Za Ilka.
Alizifunga Septemba, akaandika tarehe kwa wino wa zambarau,
na Februari hakuiona.
Mitungi ilikuwa kumi na mmoja. Imebaki mitatu.
Hula mbili kila usiku, amesimama,
mlango wa friji wazi ili apate mwanga.
"Siwezi kuziacha zichache," asema,
kisha ajisahihisha: "zichachuke."

Ningemwambia aache siki, aache pilipili,
ainue kitanda kichwani kwa matofali mawili.
Ndivyo nilivyofunzwa, ndivyo ilivyoandikwa
kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kila boksi.
Ulimi ukagoma.

Nikageuza risiti, nikapiga hesabu mgongoni mwake:
mitungi mitatu, kumi kumi, mbili kwa usiku.
Siku kumi na tano.
Kapsuli ni kumi na nne.

Nikakata vidonge viwili vya chokaa,
nikavifunga kwenye karatasi, bila bei,
juu yake nikaandika 15.
Kalamu yangu ilikuwa ya bluu. Alitazama wino kwanza,
halafu akatia mfukoni.