Kutu ya Tano

Magoma alishuka kivuko cha asubuhi kutoka Nansio,
bunduki ya marehemu baba yake ndani ya mkeka,
kibali cha polisi kimekunjwa mara nne mfukoni mwa shati.
"Fundi, nataka ing'ae," akasema.
"Ing'ae kama vijiko vya harusi."

Nikamwonyesha vipande vyangu vya chuma
vilivyotundikwa ukutani kwa waya.
Cha nikeli akakishika, akajitazama meno.
Nikamwuliza: mzee angeibeba hii wapi?
Kwenye matete, alfajiri?
Kiboko angemwona tangu anafunga kamba za viatu.

Rangi ya kuoka ni kazi ya siku moja,
ikianza kubambuka haikuagi.
Buluu ya chumvi inayochemka, ndiyo, nzuri,
lakini kilengeo cha mbele kimeshikwa na lehemu laini
na chumvi ile ingekila kama panya.

Kikabaki kipande cha mwisho,
cheusi kisichong'aa,
weusi wa mawe ya Bugando yakishanyeshewa.
"Na hiki?"
Kutu, nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa.
Kutu ndiyo iliyomvusha maji:
miaka kumi na minne uvunguni, sakafu yenye unyevu,
mtutu umeota vipele.
"Nimekuja uitoe. Wewe unaniuzia nyingine?"

Dawa ya moto ni moto, bwana.
Unapangusa asidi nyembamba, pamba isidondoshe tone,
unaning'iniza mtutu kabatini juu ya beseni la maji,
na hewa ya ziwa inafanya kazi usiku kucha
bila kudai ujira.
Asubuhi umevaa vumbi la chungwa.
Unauchemsha kwa maji ya mvua
(ya bomba yana mambo yake),
na ule wekundu, mbele ya macho yako, unakuwa mweusi.
Unapiga brashi. Unarudia.
Mara sita. Mara saba.
Kutu iliyoshiba haili tena.

Akakubali, bila furaha.
Siku nane, nikamwambia. Akaondoka na mkeka mtupu.

Kutu ya tano, usiku, Nkwabi mwanafunzi wangu
alivua glavu ajibu simu ya mchumba,
na mkono ule ule ukauhamisha mtutu.
Asubuhi dole gumba lake lilikuwa pale,
mistari yote, mpaka kovu la kisu cha kuparia sangara.

Nikafoka. Nikachukua msasa.
Msasa ukasimama hewani.

Pale pale, siku ya kwanza,
palikuwa na doa jeupe, upana wa kiganja,
chuma kilicholambwa na mkono wa mzee
akiibeba imening'inia, huku na huko, miaka.
Nililifuta mimi.
Dakika mbili, nikipiga mluzi.
Hakuna aliyeniambia niache, na mimi sikuuliza.

Nikaurudisha msasa kwenye droo.
Kutu ya sita. Kutu ya saba. Mafuta.
Dole likabaki, kivuli tu, uinamishe ndipo ulione.

Magoma alipokuja niliweka yote mezani,
la Nkwabi na langu,
langu mwisho, kwa sauti ndogo.
Hakujibu. Aliinyanyua bunduki,
na mkono ukaenda wenyewe pale katikati
ambapo uzito husawazika,
maana chuma ndicho kinachochagua mahali pa kushikwa.
Kiganja kikafunika dole.

"Itafutika hii?"
Ukiibeba.
"Baada ya muda gani?"
Mzee alitumia miaka mingapi?

Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.
Yeye ni karani wa ghala la pamba;
hajawahi kulenga hata kunguru.
Akaiviringisha mkekani taratibu,
akalipa, akasahau chenji,
na kutoka mlangoni nikamwona anahamisha mzigo
kutoka begani
kwenda mkononi.