Daftari la Sechelela

Mvua ya kwanza iligonga bati usiku wa kuamkia Jumanne,
matone kumi na mawili, nilikuwa macho nikihesabu,
kisha ikaghairi, kama mgeni aliyekosea mlango.
Lakini Veyula nzima ilinuka udongo uliolowa,
nami nikajua nyuma ya stoo, chini ya minyaa,
pua tatu zimeipata harufu hiyo kabla yangu.

Nikalitoa daftari kabatini. Jalada lina alama ya kikombe.
Mwandiko wako umelalia kulia, uwele uliopigwa na upepo:
*Wakitoka, maji kwanza. Chakula kesho.
Maji vuguvugu, yasipite kidevu.
Usiwashangilie. Wametoka mbali.*

Asubuhi udongo ulivimba, ukapasuka.
Tingatinga akatoka bila hodi, kama kawaida yake,
macho yamegandana kwa tope,
ile bawaba ya mgongoni imejaa mchanga.
Saa nne akafuata Shemeji, kinyumenyume,
sijui alilalaje huko.

Huku mgao wa maji ni Jumatatu na Alhamisi.
Nikachota dumu la kunywa.
Nikatia kiwiko kupima, kama ulivyokuwa ukipima
maji ya Ndahani alipokuwa mchanga.
Wakazamisha nyuso wakanywa,
wakanywa, koo zikicheza,
hata nikasahau kwamba nimepiga goti kwenye tope.
Kwa pamba nikawafuta macho,
kutoka puani kwenda nje. Ukurasa wa nne.

Mizani nimeazima dukani kwa Mchiwa,
ile ya sukari. Akauliza, "Unawauza?"
Tingatinga: Juni, gramu mia tisa na arobaini.
Leo mia nane tisini na tano.
Shemeji kapungua zaidi, ila umeandika si neno,
mradi macho hayajazama.
Nami nimepungua tangu Julai.
Mimi sikuandikwa popote.

Maana walilala tarehe kumi na nane Juni,
ukawafunika majani makavu kwa mkono wako, ukikohoa,
ukasema ni vumbi tu.
Walilala ukiwepo.
Hawana habari.

Shemeji alipofumbua macho akavuka ua,
hatua zangu tisa, kwake nusu saa,
mpaka mlango wa jikoni,
pale zilipokuwa zikikaa ndala zako nyekundu.
Akanusa saruji. Akangoja.

Nilimwambia Ndahani kwenye simu.
Nilimwambia mwenyekiti wa mtaa, na padri,
na yule kijana wa vyeti aliyekosea jina lako mara mbili.
Kwa kobe nilikosa pa kuanzia.

Nikaingia chumbani, nikazivuta chini ya kitanda.
Visigino vyangu vilibaki nje, vinaning'inia,
nikatembea uani kama mwizi wa viatu vya harusi.
Shemeji akaja. Akagota kwenye kidole.
Akauma ukanda wa ndala, polepole,
akidhani nyanya,
kama mwaka jana, ulipocheka ukamwaga chai.
Mimi sikucheka. Lakini sikuuondoa mguu.

Karani bado.
Mtoto wa Mchiwa kaja na jembe: "Babu, tumchimbue?"
Ukurasa wa sita: *Karani huchelewa. Msimchimbue. Ana*
na hapo kalamu iliisha wino,
au uliitwa na mtu, au maziwa yalifurika.
Ana nini, Sechelela?
Nimeushika ukurasa juani, nikatafuta alama ya kalamu kavu.
Hakuna.

Kesho papai, mchicha, majani ya mlenda.
Mkate marufuku, hata wakikodoa macho.
Uzito nimeuandika chini ya wako,
mwandiko wangu umesimama wima kama nguzo za umeme.
Mstari wa tatu nimeandika jina tu.

Mawingu yamekaa upande wa Hombolo, hayajaamua.
Ndala nimeziacha kule nyuma ya stoo,
vidole vikielekea shimoni.