Gonga Boneti

Julai, Sekei, saa kumi na moja alfajiri.
Meru amejifunika ukungu hadi kidevuni,
nami napiga boneti ya pikapu kwa kiganja:
pa, pa, pa.
Jirani mgeni anachungulia dirishani,
anadhani nimerukwa na akili.
Mwache adhani. Hakumjua Mkaa.

Mkaa alikuwa paka wa binti yangu Nasieku,
mweusi tii, mguu mmoja mweupe
kama aliyevaa soksi gizani akakosa ya pili.
Usiku wa baridi alitafuta joto. Nani halitafuti?
Injini ilirudi na maziwa kutoka Usa River,
bado ina uvuguvugu wake,
akapanda kwa chini, akajikunja penye mkanda wa feni.
Asubuhi nilikuwa na haraka. Nikawasha.

Sauti ile sitaisimulia.
Nasieku, miaka saba, alisimama mlangoni
na kikombe cha uji mikononi.
Hakulia. Alisema, "Baba, ungegonga."

Ungegonga.
Mwaka wa tisa huu
nalibeba neno hilo mfukoni pamoja na funguo.

Sasa tuna Deni. Deni ni mbwa.
Anaeli, fundi matairi, nilimdai elfu arobaini;
akaja na kitoto cha mbwa ndani ya boksi la sabuni,
akasema, "Deni ndilo hili, limekwisha."
Limekwisha wapi! Linakula kuliko sisi.

Masika yake ya kwanza tulimfunga mnyororo uani,
ndivyo baba zetu walivyofunga mbwa.
Usiku ule mvua ilikatika ghafla, siafu wakahama,
mto mweusi unaometameta kwenye tochi,
na mto haumzunguki aliyefungwa.
Nasieku ndiye aliyesikia. Tangu Mkaa, halali usingizi mzito.
Tulimkokota Deni hadi jikoni,
tukamchomoa siafu mmoja mmoja
kwenye kope, kwenye mapumbu, katikati ya vidole,
viwiliwili vikatoka, vichwa vikabaki vimeng'ata.
Mnyororo siku hizi unafunga geti.
Geti halisikii maumivu.

Mahindi yalipoingia ndani, na panya wakaingia,
mama yake akanunua sumu, punje za waridi,
nzuri kama pipi za harusi.
Nasieku akauliza:
"Panya akila hii, nani atamla panya?"
Tukatazamana.
Mwenye duka alikataa kurudisha hela,
basi tukachimba shimo refu, tukaifukia,
tukanunua pipa la bati lenye mfuniko.
Ghali, ndiyo. Nilinung'unika wiki nzima.

Jumapili baada ya ibada ni zamu ya kupe.
Deni analala chali kivulini
nasi tunamfunua manyoya kama kurasa,
nyuma ya masikio, chini ya mkia,
huku tukijadili mahubiri.

Siku ya chanjo ya kichaa, ofisi ya kata,
foleni ya watoto na mbwa wa kamba za katani.
Deni alitetemeka akanikojolea kiatu.
Kadi yake Nasieku ameihifadhi
ndani ya Biblia, karibu na cheti chake cha ubatizo.

Na mkesha wa mwaka mpya, mafataki yakianza,
mbwa mzima wa kilo thelathini
anaingia chini ya kitanda changu.
Nafunga madirisha, naongeza sauti ya redio,
nalala mkono ukining'inia sakafuni
ili aunuse akitaka.

Jana nilimpa Nasieku funguo.
Ana miaka kumi na sita; nikasema, washa tu, ipate moto.
Hakwenda mlangoni. Alikwenda mbele,
akagonga. Pa, pa, pa.
Kisha akasubiri,
akasubiri zaidi ya ninavyosubiri mimi,
sikio karibu na bati la baridi.

Akashuka paka wa kijivu, wa yule jirani mgeni,
akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma,
akatutazama kana kwamba sisi ndio wavamizi.

Nasieku hakuniangalia.
Akaingia, akawasha.