Vyombo vya Kuazima

Wanasema programu inavuja.
Nimeinama chini ya meza kutafuta unyevu.
Hakuna. Dodoma hii, mwezi wa tisa,
hata bomba lenyewe halina cha kuvuja.

Kichezeshi chetu kinasoma faili moja la XML,
kanda elfu nne na mia mbili za ngoma:
muheme wa Mvumi, zeze la Bahi,
marimba ya Chamwino iliyorekodiwa mvua ikipiga bati.
Kila kanda na lebo yake, ikafunguliwa, ikafungwa,
na ndani ya lebo, lebo nyingine:
mpigaji, mahali, mwaka, dakika,
mti mzima wa majina.
Asubuhi kinaimba vizuri.
Saa tatu baadaye sauti inakatika
kama mtu anayeongea huku akitafuna karanga,
picha inaganda,
na Sechelela, kutoka chumba cha pili:
"Kimekufa tena."

Kuvuja! Kinachovuja si hutoka?
Hiki hakitoki. Kinabaki ndani, kimejibanza.
Naliuliza tawi: jina lako nani?
Linanipa nakala ya jina, mpya, mkononi.
Naisoma, naionyesha kwenye kioo, naisahau.
Nauliza tena. Napewa nyingine.
Ndahani, Ndahani, Ndahani,
Ndahani elfu tisa wameketi gizani mwa mashine
na hakuna aliyewaambia mkutano umekwisha.

Usiku wa tatu mama akapiga simu kutoka Kizota.
Matanga ya baba mdogo yaliisha tangu Jumapili
na jikoni kumejaa masufuria ya watu.
"Njoo unisaidie kurudisha."
Nikamwambia nina kazi.
"Kukopa harusi," akasema, simu ikakatika.
Salio liliisha, au hakuona haja ya kumalizia.

Nikaenda.
Alikuwa ameketi juu ya ndoo,
anageuza chombo kimoja kimoja.
Kitakoni, rangi ya kucha:
nukta nyekundu, cha Mama Nyemo;
msalaba wa bluu, cha jumuiya;
mistari miwili, cha akina Lechipya ng'ambo ya reli.
Hakuuliza nani alipikia nini.
Aligeuza, akasoma, akanipa, nikabeba.
Jirani wa mwisho alihesabu vijiko mbele yangu,
kumi na vinane, akarudia kuhesabu,
ndipo akanikaribisha chai.

Saa nane usiku nilikuwa tena mezani.
Kila baiti inayoazimwa nikaipaka rangi kitakoni:
mstari gani wa msimbo umeichukua, saa ngapi.
Nikakiacha kichezeshi kiimbe hadi alfajiri,
nikakizima taratibu,
nikavigeuza vyombo.

Mstari wa 212.
Mstari wa 212.
Mstari wa 212.
Mkono uliouandika ni wangu, mwezi wa pili,
siku niliyowahi kuondoka kwa sababu ya mechi.

Niliongeza neno moja: achia.
Na mti, ukishasomwa, ubomolewe kuanzia majani,
shina liwe la mwisho,
maana ukianza na shina
majani hutayafikia tena.

Sasa grafu imelala kama mbuga ya Bahi.
Sechelela anapitisha kidole juu yake
kana kwamba anakagua vumbi.
Muheme umelia kutwa nzima,
wanawake wa Mvumi hawajakata hata pumzi.

Zimebaki baiti arobaini na nane
zisizo na alama. Sijui ziliazimwa wapi.
Kwa mama nako, juu ya kabati,
lipo bakuli moja la bati, kitako kimesuguliwa,
rangi imetoka yote.
Hajalipakulia mtu. Analifuta kila Jumamosi
na kulirudisha palepale.
"Mwenyewe atakuja," anasema,
na mimi sijamwuliza lini.