Begi la Kwenda Khasab

Mukbili ametandaza mabegi sita,
anasifu zipu, anasifu vifuko vya pembeni.
Mimi nalijaza moja maji ya bomba, nalipindua,
nangoja.
Tone. Limefeli.

La manjano halivuji, ila mikanda yake
inakata bega kama deni la ndugu.

Shinuna, mwenzangu wa kafi, anacheka:
"Unahangaika maji yasiingie,
na mzigo wenyewe ni maji!"
Kweli. Lita kumi na nane, siku tatu;
kule majabalini Musandam
hakuna mlango wa kubisha hodi.

Basi nikaomba pipa tupu la zeituni,
kifuniko kigumu kama mdomo wa mtoto mbele ya shubiri,
nikalifunga mikanda ya gari bovu la mjomba.

Mgongoni linaniumbua.
Tukipinduka, litaelea.