Damu ya Mbu

Muheza, saa tatu asubuhi. Mvua imeshuka toka Amani,
umeme umerudi, mwalimu Semdoe anachora visanduku ubaoni.
Miaka kumi na tisa nimewachoma mbu sindano,
nikawapanga safu kwa safu, lebo chini ya miguu yao;
leo naambiwa niwapange upya, bila mbu,
kwa maneno matupu.

"Anza na ni," anasema. "Anofelesi ni mbu.
Mbu ni mdudu. Usiruke ngazi."
Alichonacho mdudu, mbu anarithi, hata usipokiandika.
Kaniki wa stoo anaandika: Bawa ni mbu.
"Bawa ni sehemu ya mbu. Kwani kidole chako ni wewe?"
Kaniki anakitazama kidole.
Anachukua muda.

Zamu yangu. Nikaandika kwa kujiamini:
Kila mbu huuma watu.
Chini yake: Mbu dume hang'ati mtu, hunywa maji ya maua.
Mashine ikafikiri, ikapaka nyekundu:
kundi la madume ni tupu, dume hawezi kuwapo.
Hivyo tu, kwa sentensi mbili nilizoziapia,
nimefuta nusu ya mbu wa wilaya nzima,
kazi iliyovishinda vyandarua na dawa.
Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Njiani kurudi nikawaza: mbona jambo hili tumezaliwa nalo mdomoni?
Kiboko ana jina la jamaa ya kiti, kisu, kikombe,
lakini hakuna mtoto wa Pangani anayesema kiboko kimekuja.
Husema amekuja,
tena anasema huku anakimbia.

Kinachotuhadaa ni kile kiungo kidogo: wa, ya, la, cha.
Nimeandika "damu ya mbu" kwenye vichupa elfu,
nikiminya matumbo mekundu juu ya karatasi ya chujio.
Ya mbu, kwa kuwa imo ndani yake?
Ya mwanamke wa Mkuzi aliyelala bila neti?
Ya ng'ombe wake, zizini ukutani hapo?
"Ya" moja, na nyuma yake milango:
imo ndani ya, imetoka kwa, imebebwa na.
Semdoe anataka kila mlango uwe na jina
na kila jina liseme linaanzia wapi, linaishia wapi.
Vichupa vyangu vilikuwa kimya miaka yote hiyo.
Hakuna aliyeviuliza.

Siku ya nne nikafika kwenye degedege.

Kwenye daftari la zahanati ni dalili: mwili kukakamaa,
macho kupanda, povu. Homa kali huitangulia,
na homa yenyewe si malaria, ni alama yake tu.
Nilivuta vishale vyote. Mashine ikakubali.
Lakini kwa mama degedege alikuwa ndege
aliyepita juu ya paa letu usiku
kivuli kikamgusa mdogo wangu Mwanakombo,
ambaye hakufikisha miaka mitatu.
Jina moja, vitu viwili:
kimoja kinaruka, kimoja kinatikisa.

Nikamtafutia yule ndege pa kukaa.
Si chini ya Ndege; hana yai wala bawa la kupima.
Si chini ya Ugonjwa. Si chini ya Dalili.
Semdoe, aliyekuwa na jibu kabla hujamaliza swali,
alifuta miwani yake kwa pindo la kitenge,
akaivaa, akaifuta tena.
"Neno liweke kwenye dalili, kama jina la pili," akasema hatimaye.
"Mama akija nalo zahanati, njia iwepo."
Nikaliweka.

"Na ndege?"
Hakujibu. Alikuwa anakunja waya.

Nikamchorea kisanduku pembeni kabisa mwa kioo,
hakina kishale cha kuingia wala cha kutoka,
nikabonyeza hifadhi.
Mashine haikulalamika.