Njoo Kesho Saa Kumi

Chagua, mwanangu, ila usizikunje ncha.
Hizi za mbele lari tano.
Hizo tatu, wino ulinimwagikia.
Zilizo ndani ya bati la biskuti siuzi.
Hata ukinipa bei ya ng'ombe, siuzi.

Mume wangu Severiani alikuwa mpiga picha
pale nje ya bafu namba sita,
enzi zile treni zikiwashusha wagonjwa wa magoti
kutoka pande zote za baridi.
Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hapa Tskaltubo mambo yaligeuka:
mgeni ndiye aliyekuja kupona,
mwenyeji akabaki na kikohozi cha chumba cha giza
na vidole rangi ya chai iliyolala.

Aliwapanga kwenye ngazi, mmoja mmoja.
"Kidevu juu. Fimbo ifiche nyuma ya sketi."
Hakuna aliyetaka kuonekana na fimbo.
Alichapa picha juu ya karatasi ngumu,
nyuma mistari minne ya anwani,
kijimraba cha stempu.
"Njoo kesho saa kumi, itakuwa imekauka."

Wengine kesho yao haikufika kwetu.
Treni iliwahi, au simu ya msiba,
au waliona bei wakakumbuka
kwamba sura zao wanazijua.

Miaka. Kisha vita, na wakimbizi
wakahamia vyumba vilevile vya wagonjwa,
wakaanika nepi kwenye nguzo za marumaru.
Severiani akafa mwezi wa kuvuna zabibu,
nikafungua kabati lake:
watu mia nne na kitu wananitazama,
wote wanangoja saa kumi.

Ningewachoma? Mkono ulikataa.
Nikachemsha maganda ya jozi, nikapata kahawia;
ya komamanga yakanipa njano kaidi.
Mtu mwenyewe simgusi. Napaka pembeni tu.
Huyu nimempa mbuzi.
Huyu alikuwa peke yake mno,
nimemwongezea dirisha lenye taa.

Siku hizi wageni wanakuja kupiga picha magofu.
Wanalenga dari lililoporomoka,
mtini uliootea ndani ya beseni la kuogea,
picha elfu kwa asubuhi moja,
wala hakuna anayewaambia wangoje zikauke.
Siwalaumu. Mkate wangu unatoka mifukoni mwao.

Mwaka juzi alikuja Vizma, wa Riga,
kwa magoti mabovu ya kurithi.
Anamtafuta mama yake.
Mama aliandika katika barua:
nimepigwa picha, nimevaa koti la kola ya mbweha.
Picha haikufika. Koti nalo nyumbani
hawakuwahi kuliona; walidhani aliliuza njiani.

Tukamwaga kadi zote mezani.
Supu ikapoa, ikaganda mafuta.
Jioni akainua moja,
mwanamke aliyegeuza uso kamera ilipolia,
shavu ukungu mtupu.
"Uso siujui," akasema, "lakini koti ndilo."
Akaiweka kifuani, akalia kimyakimya
kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Koti lile lilikuwa letu.
Severiani aliliazima kwa kila aliyekuja na nguo chakavu.
Mimi ndiye niliyelishona kola,
mimi niliyelitundika msumarini kila magharibi.
Limevaliwa na wanawake thelathini.

Sikusema.
Nilimwuliza nipake nini pembeni.
Akasema, acha hivyo hivyo.

Sasa wamebaki ishirini na tisa, humo batini.
Huenda mabinti wengine wako njiani,
na magoti nayo si ya kukimbilia.

Umechagua? Huyo mwenye mbuzi?
Haya. Kalamu hii hapa, andika jina la umpendaye,
andika hapa hapa mezani, usiseme nitaandika kesho.
Posta yetu hufungwa saa kumi.